Sifuna na Dadu ya Mfupa

Ndugu yangu Sifuna akikaribishwa chai mahali, hungoja kwanza mwenye nyumba anywe. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, yeye hufumba moja. Mimi Nanyama ni dadake mdogo, nimemjua tangu tukichunga ng'ombe kule Kamukuywa, na naweza kuapa kwamba hakuharibiwa na mtu, alizaliwa hivyo. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakukubali titi kabla ya kumtazama vizuri usoni.

Watu humcheka, lakini kazi yake inaipenda tabia hiyo. Ni fundi wa baiskeli hapa Bungoma, kibanda chake kiko karibu na reli, na hata siku hizi ambapo pikipiki zimejaa mjini, wenye baiskeli bado wanamtafuta yeye. Ukimwambia tyubu yako imetobolewa na mwiba, hakuamini. Ataijaza upepo, ataizamisha kwenye beseni la maji, ataizungusha polepole huku ameinamisha kichwa. Viputo vinapotokea, hapo ndipo penye ukweli, husema. Maneno ya mteja ni ya mteja.

Na hivyo ndivyo alivyomlea Ivy, binti yake wa pekee, tangu mkewe Edinah afariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Alimlea vizuri, sitamnyima haki yake. Hakulala njaa, hakukosa karo. Lakini kila jioni alimzamisha kwenye beseni: ulikuwa wapi, na nani, huyo nani ni mtoto wa nani, mbona kiatu kina matope mekundu na shule iko upande wa lami? Mimi nilikuwa nikimwonea huruma yule mtoto, na nilimwambia Sifuna wazi. Akaniuliza ni nani aliyenituma.

Kwa hiyo Ivy alipopata kazi ya kufundisha chekechea kule Kitale, akapata na mchumba huko huko, hakumwambia babake. Aliniambia mimi. Kwetu Wabukusu, msichana akiwa na neno la kuolewa humwendea senge, dada ya baba, na senge ndiye atafutaye mlango wa kulipitisha. Mchumba aliitwa Kigen. Alikuwa mwendesha trekta, Msabaot, na kwao ni mlimani upande wa Suam. Niliposikia hivyo nilimeza mate. Sifuna hawaamini hata Wabukusu wenzake walio ng'ambo ya mto. Sasa Msabaot, na hadithi zote za miaka ya vurugu za ardhi mlimani alizisikia redioni na hajasahau hata moja!

"Senge," Ivy akaniambia, "siwezi olewa bila neno la baba. Akisema hapana, basi, mimi na Kigen tumeachana. Sitoroki. Lakini nitamwuliza mara moja tu, sitarudia."

Nilimwamini, maana kichwa chake ni kigumu kama cha babake. Nikajua kwamba furaha ya mtoto huyu imewekwa mkononi mwa mtu ambaye hufumba jicho moja kwenye maombi.

Nilimbembeleza Sifuna mpaka akakubali kukutana na babake kijana. Alitoa sharti: si nyumbani kwake, wala si kwao. "Siwezi onyesha mtu milango yangu na sijamjua," alisema. Basi wakakutana Kitale, kwenye chumba alichopanga Ivy, siku ya Jumamosi.

Mzee Kemboi alikuja na mwanawe. Kigen alikuwa kijana wa kimya, akakaa kwenye kona ya kitanda kama mgonjwa anayengoja daktari. Babake naye alikuwa na maneno ya watu wanne. Alikuwa amevaa gambuti na kofia ya sufu, na alicheka kabla ya kumaliza kusema jambo la kuchekesha. Miaka mingi alikuwa akivusha viazi pale mpakani Suam, akatusimulia habari za kila gunia. Alikula, akasifu kuku, akasifu ugali, akasifu pazia la Ivy, halafu akasifu koti la Sifuna.

Sifuna akaniinamia akanong'ona kwa Kibukusu, "Anasifu koti yangu ya nini?"

Lilikuwa swali la haki kidogo. Koti lenyewe lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili.

Baada ya chakula mvua ikashika, ile ya Kitale isiyo na haraka, na mazungumzo yakakauka. Neno lililotuleta hakuna aliyetaka kulianza. Ndipo Mzee Kemboi akaingiza mkono mfukoni, akatoa dadu ya mfupa, ya manjano kwa uzee, na mashimo yake yamechomwa kwa moto.

"Baba Ivy, unajua mchezo huu?" akauliza. "Ni ya nyumba yetu. Baba yangu alichonga hii, mfupa ya mguu ya ng'ombe. Binti, tuletee maharagwe kwa bakuli."

Mchezo ulikuwa rahisi hata kwa mtoto. Unatupa dadu, unachukua maharagwe kulingana na mashimo yaliyotokea juu. Ukipenda, unatupa tena na kuchukua tena, mara nyingi uwezavyo. Lakini likitokea lile shimo moja, ambalo wao huliita jicho, kila ulichochukua zamu hiyo kinarudi kwenye bakuli. Ukiogopa jicho, simama, weka maharagwe yako kando, mpe mwenzako dadu. Wa kwanza kufikisha hamsini ameshinda.

Sifuna aliigeuza dadu, akaitazama kila upande, akainusa. Ndiyo, aliinusa mbele ya watu. Kisha akatupa mara moja, akachukua yake, akasimama. Kila zamu yake ilikuwa hivyo: mara moja, basi. Mzee Kemboi alitupa, akatupa, akatupa, maharagwe yakajaa kiganja, akatupa tena, jicho likamtazama. "Uuui!" akacheka, akamwaga yote kwenye bakuli. Zamu iliyofuata, vilevile. Sifuna akafika hamsini kwa mwendo wa kinyonga, na Kemboi bado hana hata ya kupikia mtoto mmoja. Wakarudia. Sifuna akashinda tena. Wakarudia tena, na kila Sifuna aliposhinda, uso wake ulizidi kukunjana.

Mvua ilipokatika, Mzee Kemboi alisimama akaweka dadu kwenye kiganja cha ndugu yangu, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Kwetu mwenye kushinda analala na dadu mpaka siku ya kucheza tena," alisema. "Nitakuja kwako Bungoma Jumamosi ingine. Tutacheza, halafu utaniambia ile neno yako."

Sifuna alisahau hata sharti lake la milango; aliifunga dadu kwa karatasi ya nailoni, akaifunga tena kwa leso, na hakuiweka mfukoni. Aliishika mkononi mpaka nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta kwenye kibanda chake, ingawa Jumapili huwa hafungui. Dadu ilikuwa juu ya meza ya kazi.

"Nanyama, mtu mzima hawezi shindwa vile," alianza hata kabla sijaketi. "Si ulimwona? Alikuwa na maharagwe mkono mzima. Angesimama pale, amenishinda. Lakini ati anatupa tena!"

"Labda anapenda kutupa."

"Hakuna mtu anapenda kushindwa. Mtu akikuachia kitu kidogo, ujue ameona kikubwa. Na kwa nini anipatie nibebe? Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu. Hii kitu iko na kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Hiyo ndiyo sijui. Dawa. Risasi. Kitu."

Nilimkumbusha kwamba dadu ni ile ile aliyoitupa yeye, na ilimpa ushindi. "Si ndiyo hapo!" akasema, na macho yakamng'aa, akavuta beseni.

Aliitumbukiza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini viputo vilitoka. Vidogo, vimefuatana kwenye mstari, na vilikuwa vinatoka kwenye jicho, lile shimo moja. Sifuna aliinua kichwa akanitazama, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile kwa kugundua kwamba amedanganywa. Hata mimi, Mungu anisamehe, moyo uliruka. Nilijiuliza yule mzee wa kucheka ovyo alikuwa ametuletea nini.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mwulize mwenyewe."

"Mwizi huulizwa?"

Alichukua spoku ya gurudumu aliyoichonga ncha, akaipachika kwenye jicho, akagonga kwa nyundo ndogo. Akagonga tena. Dadu ikapasuka vipande viwili, ikalia sauti ndogo kavu.

Tuliinama wote wawili. Ndani kulikuwa na mfupa. Mfupa wenye vitundu vitundu vile vya mfupa wowote unaoutafuna ukimaliza supu, na vumbi la kale. Hewa ilikuwa imejificha kwenye vitundu hivyo, nayo ndiyo iliyotoka majini. Sifuna alikwangua kwa ncha ya spoku upande huu, akakwangua upande ule, akapuliza. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amepasua kazi ya mikono ya babake mtu, marehemu, kwa sababu mwanawe alicheza vibaya.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili. Mwishowe akasema taratibu, "Nitaitengeneza. Hatajua."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndugu yangu aliyeshuku watu wote duniani kwa udanganyifu alishinda juma zima akitengeneza udanganyifu. Alikata kipande kifupi cha spoku, akakipachika ndani, nyuma ya jicho, kishikilie vipande vyote viwili. Akajaza gundi ya tyubu, akabana, akapiga msasa, akapaka majani ya chai mahali pa ufa ili rangi ifanane. Kwa macho ilikuwa dadu ile ile. Nilimwambia aseme ukweli Jumamosi kabla ya jambo lolote. Akasema ukweli ule ungemharibia Ivy, na hapo niliona ameanza kujificha nyuma ya mtoto wake.

Jumamosi Mzee Kemboi alikuja peke yake.

"Kijana yuko wapi?" Sifuna akauliza mlangoni, hata salamu hazijaisha.

"Alisema ana kazi," mzee akajibu, na kicheko chake siku hiyo kilikuwa kifupi. "Nimempigia, anasema tu ana kazi. Mimi nimekuja, kwa sababu nilisema nitakuja."

Sifuna alinitupia jicho. Nami nilimtupia Ivy jicho, maana alikuwa amefika tangu asubuhi kutoka Kitale na hakuwa amesema zaidi ya maneno ya lazima. Alikuwa akipanga vikombe. Hakuinua uso.

Hatukuwa hata tumemaliza chai kabla Mzee Kemboi hajadai dadu. Sifuna aliitoa. Mzee aliifinya kidogo kwenye kiganja, akaipuliza alivyozoea, akatupa.

Sita.

"Eeeh!" Akachukua maharagwe sita. Akatupa tena, hakika hangesimama. Sita. Akatupa. Sita. Mwanzoni alifurahi kama mtoto aliyeokota embe. "Leo Mungu ameniona, bana! Mama Nanyama, umeona?" Nilikuwa nimeona. Kile kipande cha chuma nyuma ya jicho kilikuwa kinavuta upande wake chini, na upande wa sita, ulioko mkabala nao, ukawa unakaa juu kila mara. Maharagwe yalifika hamsini kwa zamu moja. Mzee Kemboi alikuwa ameshinda, na alipoyatazama yale maharagwe, furaha ikamwondoka pole pole usoni.

"Mimi sijawahi shinda," akasema. "Hata wajukuu hunishinda. Mke wangu akiwa hai alikuwa akinishinda akipika." Aliinua dadu, akaitupa tena, si kwa mchezo. Sita. "Baba Ivy, dadu hii ilikuwa mjinga. Ilikuwa inaanguka tu popote. Nani ameifundisha?"

Ivy alikuwa amesimama na birika mkononi, anamtazama babake.

Namjua ndugu yangu, na niliona wazo likipita usoni mwake wazi kabisa. Angeweza kusema ilikuja hivyo. Angeweza kusema, umeona, nilijua tangu siku ile kwamba ina kitu ndani, chukua dadu yako ya uongo uende nayo mlimani kwenu. Nani angembishia? Mimi? Kinywa chake kilifunguka. Nilikuwa tayari kusimama, na sijui kama ningesimama kumpiga au kutoka nje.

"Ni mimi," akasema. "Niliipasua. Nikaiunganisha na gundi, na kipande ya spoku."

"Uliipasua kwa nini?"

"Nilifikiri uko na kitu umeficha ndani. Ulikuwa unashindwa sana."

Mzee Kemboi hakucheka. Aliigeuza ile dadu mpaka akauona ufa, akaupitishia ukucha. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo.

"Na ukapata nini?"

"Hakuna. Mfupa tu."

"Mfupa tu," mzee akarudia. "Sasa wewe unatujua mpaka ndani. Lakini mimi sasa ndiye nina swali, Baba Ivy. Msichana akikuja kwangu, na siku moja awe mgonjwa, ama akose mtoto haraka, ama tu akonde. Utanipasua mimi?"

Hapo ningetamani ndugu yangu aseme neno tamu. Aape. Mtu mwingine yeyote angeapa. Sifuna aliwaza, akasugua mikono yake yenye weusi wa cheni usiotoka hata kwa sabuni.

"Nitakushuku," alisema. "Siwezi kukuambia uongo, mimi niko hivyo. Nitakushuku siku hiyo hiyo. Lakini nitakuja kwako nikuulize kwa mdomo. Sitashika spoku kabla sijakuuliza."

Mzee Kemboi aliizungusha dadu kwenye kiganja, mpaka nikaanza kukata tamaa.

"Kule kwetu tulikaa na majirani walikuwa wanasema wanatuamini," akasema mwishowe. "Mchana wanasema wanatuamini, na usiku kila mtu analala na panga chini ya kitanda. Na sisi pia. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli kwa uso." Akaweka dadu katikati ya meza. "Mimi nimetosheka. Sasa toa neno yako."

Sifuna alimgeukia binti yake. "Ivy, si uniulize?"

Ivy hakuuliza. Aliweka birika chini, akakaa kwenye kiti cha karibu, akaanza kulia, si machozi ya furaha, nami nikashtuka.

"Unalia nini?" Sifuna akasema, na kwa mazoea tu akafinya macho. "Kuna kitu unanificha?"

"Ndiyo, baba." Alijifuta kwa kanga. "Mimi ndiye nilimwambia Kigen asikuje. Nilimwambia juzi asijisumbue, tuachane tu. Nilijua utasema hapana. Nilijua tangu zamani. Sikutaka asikie ukimkataa akiwa amekaa hapa."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kijana, na ndiyo iliyokuwa imekifupisha kicheko cha babake. Nilimwangalia ndugu yangu. Maisha yake yote ameshuku watu, na nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyemlea kwa mikono yake alikuwa amekaa miaka yote hiyo akimshuku yeye. Mabega yakamwanguka, akawa mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Mpigie," akasema. "Mwambie baba yako amesema ndiyo."

Ivy alipiga. Tulimsikia Kigen vizuri, maana simu ile hupaza sauti hata usipotaka, na nyuma yake trekta lilikuwa linanguruma.

"Baba amekubali," Ivy akasema.

"Ati? Ivy, wacha hiyo."

"Nakwambia ukweli. Amekubali."

"Juzi umeniambia ni hapana, hata hajaulizwa. Leo ni ndiyo. Nitakuamini aje?"

Sifuna akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Kijana," akasema. "Huyu ni babake Ivy. Ni kweli. Nimesema ndiyo."

Trekta lilizimwa kule.

"Nitajuaje ni wewe?" Kigen akauliza. "Na nitajuaje hutabadilisha nikifika hapo?"

Mzee Kemboi aliziba mdomo kwa kofia yake. Mimi nilingoja nisikie ndugu yangu akikasirika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba ushahidi. Alinitazama, akamtazama Ivy, akaitazama dadu pale mezani.

"Huwezi kujua," alisema. "Hata mimi sina kitu ya kukuonyesha. Kuja tu, mwanangu. Tafadhali. Hatutaanza kula kabla hujafika."